Keke ya Betri kwa Mwenye Kazi Chache

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu niseme neno juu ya jambo lililoingia katika nyumba nyingi za wazazi wetu, nalo ni ununuzi wa keke za betri. Siku hizi ukiingia katika duka la vifaa vya ujenzi utaona masanduku ya plastiki yamepangwa, mekundu, ya buluu na ya manjano, na ndani yake mna keke, chaja, betri mbili na vikorokoro vingi vinavyong'aa. Mwenye nyumba huyaona akayatamani, na sisi watoto tuliosoma fizikia kidogo ndio tunaomhimiza anunue. Mimi nilimhimiza baba yangu, na fedha zikapotea. Basi naandika haya ili mwingine asipotee njia ile ile.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwezi wa Desemba mwaka jana nilikuwa nyumbani Muheza kwa likizo. Baba alikuwa ameweka shilingi 150,000 alizobakiza baada ya kuuza machungwa. Fedha hizo zilikuwa za kumlipa fundi seremala: afunge mlango wa chumba cha bibi na mlango wa jiko, atengeneze rafu moja ya vyombo, na afunge fimbo za mapazia katika vyumba viwili. Milango ilikwisha kuchongwa na mbao zilikuwapo. Mimi nikamwambia, "Baba, kwa nini tumpe fundi fedha zote hizi? Tukinunua keke yetu kazi nitaifanya mwenyewe, na keke itabaki kuwa mali yetu." Baba akaniuliza, "Unaijua kazi hiyo?" Nikamjibu kwamba tumejifunza umeme shuleni. Akanipa fedha.

Dukani nilichagua sanduku lililoandikwa "128 V" kwa herufi kubwa, kwa sababu lililokuwa kando yake liliandikwa "48 V", nami niliona 128 ni zaidi ya 48, basi hii ndiyo yenye nguvu. Bei yake shilingi 95,000. Fedha nyingine nilinunua bawaba, skurubu na komeo.

Siku ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Rafu ya mbao laini ilisimama asubuhi moja, na jirani wakaja kutazama. Siku ya pili nikauendea mlango wa jiko, ambao fremu yake ni ya mti mgumu, na kwa kuchaji mara tatu nikaumaliza. Siku ya tatu nikaugeukia ukuta wa matofali ya saruji ili nifunge fimbo za mapazia. Biti iliingia urefu wa pingili moja ya kidole, ikawa butu. Betri ya kwanza ikaisha, na ya pili ikafuata. Likizo ikaisha pia. Mlango wa bibi nikauacha umeegemezwa ukutani, nikaahidi kuufunga siku za Pasaka.

Nilipofika Pasaka, betri zote mbili zilikuwa zimekufa. Zachajiwa usiku kucha, lakini keke yazunguka dakika moja ikasimama. Nilirudi dukani, nikaambiwa betri za umbo lile haziletwi tena. Fedha za fundi hazikuwapo, maana nilikuwa nimezila mimi kwa kununua sanduku. Masika yale bibi alilala nyuma ya mlango uliofungwa kwa kamba, na mvua ya upepo ikiingia ndani. Hakuninung'unikia hata siku moja, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Baba naye alisema neno moja tu: "Mwanangu, ulisoma sanduku, hukuisoma keke."

Muhula ulipofunguliwa nilileta betri moja nikamwonyesha mwalimu wetu wa fizikia. Kwanza alinikataza kuifungua, maana betri ya namna hii ikitobolewa au nyaya zake zikigusana yaweza kuwaka moto. Kisha akaichaji, akaweka mita. Ilisoma volti 20 na nusu. Akaniambia nipige hesabu. Seli moja ya lithiamu ina volti 3.6 kwa wastani, na ikijaa kabisa hufika volti 4.2. Seli tano zikiunganishwa mfululizo hutoa volti 18 kwa wastani, na 21 zikijaa. Basi mle ndani mlikuwa na seli tano tu. Ili kupata volti 128 zingehitajiwa seli zaidi ya 30. Seli za kawaida za zana hizi zina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, na kila moja ina uzito wa gramu 45 hivi. Seli 31 zingekuwa na uzito wa karibu kilo moja na nusu peke yake, bila ya kasha wala keke. Betri niliyonunua niliweza kuibeba kwa vidole viwili. Niliona haya, maana hesabu ya kuunganisha seli mfululizo tulikwisha kufundishwa, nami nilikuwa nayo kichwani siku ile niliposimama dukani.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri vizuri juu ya jambo hili, na sasa natoa maoni yangu.

Neno la kwanza ni kwamba mtu aanze kwa kuhesabu kazi, si kwa kutazama masanduku. Aketi na mkewe na watoto, aandike kazi ambazo nyumba yake inazihitaji kwa mwaka mzima. Nyumba nyingi za kwetu zitapata kazi kama hizi: kukaza bawaba, kufunga komeo, kutundika kioo, fimbo za pazia na wavu wa mbu dirishani, kutengeneza kiti au banda la kuku. Ukizijumlisha hazizidi siku kumi kwa mwaka. Huyu ndiye ninayemwita mwenye kazi chache, naye hana budi kununua kwa akili iliyo mbali na ya fundi.

Kwa nini nasema hivyo? Kwa sababu ya betri. Keke yenyewe ni mota na gia, na ikitunzwa hukaa miaka mingi hata isipotumiwa. Betri sivyo. Kampuni ya Black & Decker ya Marekani ilipotoa keke yake ya kwanza isiyo na waya mwaka 1961, iliitumia betri ya nikeli na kadmiamu. Betri za lithiamu ziliuzwa kwanza na kampuni ya Sony ya Japani mwaka 1991, na wataalamu watatu walioziasisi, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Ni nyepesi nazo zina nguvu nyingi kuliko zile za zamani. Lakini zina tabia moja ambayo sanduku halikuambii: huzeeka hata zikiwa zimelala kabatini, na joto huziharakisha, hasa zikiwekwa zimejaa.

Betri ya lithiamu iliyo nzuri yaweza kuchajiwa mamia ya mara. Fundi anayeichaji kila siku ataimaliza kwa kazi, naye atakuwa amekwisha kupata fedha zake. Mwenye kazi chache hataifikia hesabu hiyo hata nusu. Betri yake itakufa kwa uzee. Basi yule anayenunua sanduku lenye betri nne, au betri kubwa ya fundi, anazinunulia kaburi. Na yule anayenunua sanduku la bei ya chini kabisa, kwa kusema, "Mimi natumia mara chache tu, haidhuru," naye amekosea, maana betri mbovu haingoji kutumiwa ndipo ife. Waswahili walisema rahisi huvunja upishi, nami nimeyaona.

Kwa hiyo maoni yangu ni kwamba mwenye kazi chache anunue chombo kimoja tu, yaani keke, wala asinunue seti ya keke, msumeno na mashine ya kukatia vyuma. Keke hiyo iwe na betri moja au mbili ndogo, na iwe ya kampuni ambayo betri zake zauzwa peke yake, ili ya kwanza ikifa apate ya pili. Swali la kwanza la kumwuliza mwenye duka lisiwe, "Bei gani?" Liwe, "Nionyeshe betri ya akiba ya keke hii, na uniambie bei yake." Asipokuwa nayo, toka utafute duka jingine. Na ukinunua, angalia rangi na umbo. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani, kwa mfano, hutengeneza zana za kijani kwa watu wa nyumbani na za buluu kwa mafundi, na betri ya kijani haiingii katika keke ya buluu ingawa zote ni volti 18.

Juu ya volti, mtu asitishwe na namba kubwa. Keke ya volti 12 ina seli tatu, nayo yatosha kwa mbao, bawaba na komeo. Ya volti 18 ina seli tano, nayo hufaa zaidi kwa mwenye nyumba ya matofali ya saruji. Keke iliyoandikwa volti 20 ni ile ile ya 18, ila mwenye kuandika amehesabu betri ilipojaa. Ukiona keke ya mkononi, yenye betri ndogo kama ngumi, imeandikwa volti 88 au 128, jua kwamba aliyeandika anakudanganya, na mtu aliyekudanganya juu ya volti hana sababu ya kukuambia kweli juu ya mengine.

Kisha tazama namba iliyo karibu na herufi Ah, yaani ampea kwa saa. Zidisha volti kwa namba hiyo upate akiba ya nguvu. Betri ya volti 18 na Ah 2 ina akiba ya wati 36 kwa saa moja, karibu sawa na betri mbili za simu kubwa za siku hizi. Hiyo yatosha kwa kazi ya asubuhi moja nyumbani.

Mambo mengine ya kutazama ni haya. Mdomo unaoshika biti upokee biti ya milimita 10, au 13 ukiweza. Keke iwe na mwendo wa aina mbili, wa polepole wa kukazia skurubu na wa haraka wa kutobolea. Iwe na pete yenye namba karibu na mdomo, ambayo huiachilia skurubu ikishakaza, isije ikaharibu kichwa chake; anza kwa namba ndogo ukipanda. Kama kuta zako ni za matofali, iwe na kazi ya kugonga, na ununue biti ya ukutani yenye ncha ya kabaidi. Zege la nguzo au linta usijaribu kwa keke ya namna hii. Kazi hiyo ni ya mashine kubwa yenye pistoni, nayo ni bora kuikodi au kumwita fundi. Mota zisizo na brashi zasifiwa sana, na kweli ni nzuri, lakini mwenye siku kumi kwa mwaka hana haja ya kuzilipia. Fedha hizo anunue biti nne au tano zilizo imara. Biti arobaini za sandukuni mwangu zilipinda kama sindano.

Najua wengine watanijibu hivi: "Wewe wasema hayo, lakini keke nzuri ni ghali. Mzazi mwenye shilingi 95,000 afanye nini?" Swali hili ni la haki, nami nalijibu kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni keke ya waya. Kama nyumba ina umeme na kazi ziko karibu na soketi, keke ya waya kwa kawaida huuzwa bei ndogo kuliko ya betri yenye nguvu sawa nayo, na haina kitu cha kuzeeka kabatini. Ubaya wake ni kwamba haifanyi kazi umeme ukikatika, wala haifiki shambani. Lakini mtu wa siku kumi kwa mwaka aweza kuungoja umeme urudi. Namshangaa mtu anayeishi hatua tatu kutoka soketi akalipa zaidi kwa kuuogopa waya.

Na mwenye nyumba isiyo na umeme, ambaye ndiye hasa keke ya betri ingemfaa, aulize kwanza juu ya chaja. Chaja nyingi za zana hizi zataka umeme wa volti 230 kama wa ukutani. Kipande kidogo cha sola kinachowasha taa na kuchaji simu hakiwezi kuilisha chaja hiyo. Itambidi apeleke betri kwa jirani kila inapoisha.

Njia ya pili ni ushirika. Mama zetu wanajua kucheza upatu, na kwa upatu wamenunua masufuria, vitanda na mabati. Kwa nini nyumba tatu au nne zisinunue keke moja nzuri kwa pamoja? Kila moja itatoa fedha kidogo, na betri badala ya kulala itakuwa ikifanya kazi. Itafaa wachague mtu mmoja wa kuitunza, wawe na daftari la kuandika nani amechukua na siku gani amerudisha, na wakubaliane kwamba avunjaye biti ainunue nyingine. Najua vitu vya shirika huleta maneno. Lakini ugomvi mwingi hutoka katika mambo yasiyoandikwa, na daftari ni bei ndogo kuliko keke nne.

Njia ya tatu, ambayo kijana hapendi kuisikia, ni kumlipa fundi. Nyumba yenye kazi mbili au tatu kwa mwaka haihitaji keke ya aina yoyote. Wakati wa likizo ya Juni niliuza kuku wangu watatu, nikamwita yule fundi niliyemnyima kazi mwezi wa Desemba. Nilimwamkia, nikamweleza yote. Alicheka kidogo, akaja na keke yake ya mkono, patasi na bisibisi. Mlango wa bibi aliufunga kwa muda usiozidi saa mbili, na komeo likaingia mahali pake bila kusukumwa. Nilisimama nikimshikia ubao, nikaona kwamba tundu lake la skurubu lilipimwa mara mbili kabla ya kutobolewa mara moja. Mimi nilikuwa nimetoboa mara mbili bila kupima. Hapo nikajua kwamba hata keke bora duniani isingenisaidia sana Desemba ile. Wazee husema mchagua jembe si mkulima, nami naongeza kwamba asiyejua kulima huona majembe yote ni sawa.

Kwa wale ambao wamekwisha kununua, natoa shauri dogo la utunzaji. Betri ikitoka kazini ikiwa moto, iache ipoe kabla ya kuichaji. Ukiiweka kwa miezi mingi, iweke ikiwa nusu, mahali penye ubaridi, si juu ya kabati chini ya bati wala ndani ya gari lililoegeshwa juani. Usiiache tupu kabisa. Usichaji usiku wote watu wamelala. Vaa miwani ya kukinga macho, hata kwa tundu moja. Usitoboe ukuta juu au chini ya swichi na soketi sawasawa, maana nyaya hupita huko. Na betri iliyokufa isitupwe motoni wala isipewe mtoto kuichezea.

Wanafunzi wenzangu, wazazi wetu hutuamini kwa sababu tunasoma. Tukisema, "Baba, hiki ni kizuri," baba hutoa fedha ambazo alizitolea jasho, na mara nyingi hana nyingine. Kwa hiyo kabla ya kusema neno hilo, tufanye ile hesabu tuliyofundishwa, dukani pale pale, na tuulize maswali hata kama mwenye duka anakunja uso. Sanduku langu liko chini ya kitanda nyumbani. Sikulitupa. Kila likizo nalitazama, halafu naenda kumwamkia bibi, nafungua mlango wake, nao unafunguka vizuri.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu